Mwongozo Kamili wa Kukagua Nadharia ya Kisayansi Inayobishaniwa

Walimu wa sayansi, wanafunzi wa vyuo na wazazi wanaojaribu kupima dai la kisayansi lenye utata hukwama karibu wote mahali pamoja. Huitafuta makala ya utafiti, huona kwamba ilipitia uhakiki wa wanataaluma wenza na kuchapishwa katika jarida, kisha hutoa hukumu kwamba dai ni kweli. Wengine hukwama kwa upande wa pili: wakisikia kwamba wanasayansi wanapingana, au kwamba jarida fulani liliikataa makala, huamua kwamba hakuna anayejua lolote, au kwamba kuna ukweli unaofichwa. Makosa haya yote yana mzizi mmoja, nao ni kutoijua kazi ya mhakiki.

Mhakiki hatoi cheti cha ukweli. Yeye husoma alichopelekewa, hujiuliza kama mbinu iliyotumika inaweza kulijibu swali lililoulizwa na kama hitimisho halivuki mipaka ya matokeo, kisha humshauri mhariri. Kwa kawaida haingii maabara, harudii jaribio, na mara nyingi haoni hata data ghafi. Kwa hiyo makala iliyopita mikononi mwake imepata ruhusa ya kuanza kujadiliwa na wengine, na ukaguzi wako unapaswa kuanzia hapo.

Mfano utakaotuongoza ni wa nyumbani: athari ya Mpemba, yaani dai kwamba maji ya moto yanaweza kuganda mapema kuliko maji ya baridi. Makala ya Erasto Mpemba na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, na hadi sasa wanafizikia hawajaafikiana juu yake. Mifano mingine itaingia pale tu ambapo huu hautoshi.

## Vifaa vinavyohitajika

Andaa simu au kompyuta yenye bando la kutosha. Kurasa za utafutaji na ikisiri za makala hutumia data kidogo sana, ila makala kamili zenye picha na grafu hula bando haraka, hivyo zipakue mahali penye Wi-Fi ukiweza.

Andaa daftari. Ukaguzi usioandikwa hupotea, na baada ya siku chache hutakumbuka kipi ulikisoma kwenye makala yenyewe na kipi ulikiona kwenye ujumbe wa WhatsApp.

Jifunze kutumia Google Scholar kwa utafutaji wa jumla, PubMed kwa masuala ya afya, AJOL kwa majarida ya Afrika, DOAJ kwa majarida yanayosomwa bila malipo, kanzidata ya Retraction Watch kwa makala zilizobatilishwa, na PubPeer kwa maoni ya wanasayansi kuhusu makala zilizokwisha kuchapishwa. Zote hizi hutafutwa bure.

Makala ikiwa imefungwa kwa malipo, usikimbilie kulipa. Ulizia utaratibu wa wageni katika maktaba ya chuo kikuu, kwa mfano Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), au Muhimbili kwa mambo ya tiba. Njia nyingine ni kumwandikia mwandishi wa makala kwa anwani ya barua pepe iliyo kwenye ikisiri, kwa sababu watafiti wengi hufurahi kutuma nakala kwa anayeuliza kwa heshima.

Kwa hatua ya 6 utahitaji pia friza, vyombo viwili vidogo vya chuma vinavyofanana, kipimajoto na mizani ya jikoni.

## Hatua ya 1: Andika dai kwa sentensi moja inayoweza kushindwa

Fanya hivi kabla ya kutafuta chochote, kwa sababu sehemu kubwa ya mabishano hutokana na watu kutumia jina moja kwa madai mawili tofauti.

Dai kwamba "maji ya moto huganda haraka" halikaguliki. Yana moto kiasi gani? Haraka kuliko nini? Linganisha na swali ambalo Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Mkwawa mjini Iringa, alimuuliza Osborne: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye ujazo sawa wa maji, kimoja nyuzi 35 za Selsiasi na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile kilichoanza na nyuzi 100 huganda kwanza, ni kwa nini? Swali hilo lina vyombo, lina ujazo, lina nyuzi joto mbili. Mtu yeyote anaweza kulijaribu na kulishinda.

Hata hivyo bado lina tundu moja, nalo ni neno "huganda". Je, ni maji kufika nyuzi 0, barafu ya kwanza kuonekana, au chombo kizima kuwa barafu? Maji yanaweza kushuka chini ya nyuzi 0 bila kuganda, kwa hiyo nyakati hizo tatu hazilingani, na utaona mbele jinsi tundu hilo lilivyozaa miaka mingi ya ubishi.

Tahadhari: dai likikataa kuandikwa kwa namna inayoweza kushindwa, liandike hivyo daftarini na usiendelee. Dai lisiloweza kushindwa na matokeo yoyote haliwezi pia kuthibitishwa nayo.

Umefanikiwa ikiwa mtu asiyejua mjadala anaweza kusoma sentensi yako na kukwambia ni matokeo gani yataipinga.

## Hatua ya 2: Ifikie makala ya asili

Ujumbe unaosambazwa kwenye makundi huwa umetoka kwenye habari ya gazeti, nayo imetoka kwenye taarifa ya chuo kwa waandishi, nayo imetoka kwenye makala. Katika kila daraja tahadhari za mtafiti hupungua na uhakika huongezeka. Tafuta kwa jina la mtafiti, mwaka na jarida. Ukiipata namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala, inakili, maana itakusaidia katika hatua ya 5.

Wakati mwingine utagundua kwamba bado hakuna makala iliyochapishwa. Tarehe 23 Machi 1989 Martin Fleischmann na Stanley Pons walitangaza katika Chuo Kikuu cha Utah, mbele ya waandishi wa habari, kwamba wamepata myeyungano wa nyuklia, yaani viini vya atomi kuungana na kutoa nishati, katika joto la kawaida la chumba, kabla wataalamu wenzao hawajapata maelezo ya kutosha ya kurudia jaribio. Maabara nyingi zilijaribu na hazikuona walichokidai.

Tahadhari: rasimu za awali zilizowekwa kwenye hifadhi kama arXiv au medRxiv hazijahakikiwa, ingawa zina sura kamili ya makala. Si dhambi kuzisoma. Dhambi ni kuzinukuu kana kwamba zimehakikiwa.

Umefanikiwa ikiwa una jina la makala, waandishi, jarida, mwaka na ikisiri.

## Hatua ya 3: Kagua jarida

Yapo majarida yanayojiita ya kitaaluma ambayo hukusanya ada na kuchapisha chochote. Mwaka 2013 mwandishi wa sayansi John Bohannon alituma makala ya kubuni, yenye makosa ya wazi, kwa majarida 304 yanayosomwa bure; 157 kati yao yaliikubali. Neno "limehakikiwa" kwenye tovuti, kwa hiyo, si ushahidi kwamba uhakiki ulifanyika.

Dalili za jarida la kutiliwa shaka ni ahadi ya kukubali makala ndani ya siku chache, ada iliyofichwa hadi mwisho, na wahariri ambao ukiwatafuta kwenye kurasa za vyuo vyao huwaoni. Litafute jarida katika DOAJ au AJOL. Ada peke yake si kosa, kwani majarida mengi ya kweli yanayosomwa bila malipo huwatoza waandishi. Wala usilidharau jarida kwa kuwa linatoka kwetu. Tanzania Journal of Science na Tanzania Journal of Health Research yapimwe kwa vigezo vilevile.

Mchapishaji mkubwa naye asikulaze. Mwaka 2009 jarida la Medical Hypotheses, lililokuwa chini ya Elsevier, lilitoa makala ya Peter Duesberg na wenzake iliyokanusha kwamba VVU husababisha UKIMWI. Wakati huo jarida hilo halikuwa na utaratibu wa uhakiki wa wanataaluma wenza, na makala iliondolewa baada ya wanasayansi kulalamika.

Kwa mfano wetu, andika kwamba Physics Education ni jarida halisi la ufundishaji wa fizikia. Hilo halipunguzi heshima ya Mpemba hata kidogo. Linakueleza tu kwamba utakuta jaribio la kiwango cha maabara ya kufundishia, na kwamba usitarajie nadharia iliyokamilika.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kueleza kwa maneno yako jinsi jarida hilo linavyohakiki makala.

## Hatua ya 4: Soma mbinu kabla ya hitimisho

Hitimisho limeandikwa ili likushawishi. Mbinu imeandikwa ili mwingine aweze kurudia kazi, na ndiyo sababu udhaifu huonekana huko kwanza. Jiulize: walichunguzwa au vilipimwa wangapi? Vililinganishwa na nini? Kilipimwa nini hasa? Nani alilipia?

Swali la ulinganisho ndilo linalofichua zaidi. Mwaka 2011, maelfu ya watu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500, ushuhuda wa waliopata nafuu ulisambaa nchi nzima. Lakini ushuhuda hauna kikundi linganishi: hauonyeshi ni wangapi wangepata nafuu bila kunywa, na waliozidiwa wakiwa njiani au nyumbani hawakuwepo kutoa ushuhuda.

Kasoro hiyohiyo inaweza kupita mbele ya wahakiki wa jarida kubwa. Makala ya Andrew Wakefield na wenzake, iliyotolewa na The Lancet mwaka 1998 na kuzua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji, ilikuwa na watoto 12 na haikuwa na kikundi linganishi. Msomaji yeyote makini angeweza kuliona hilo siku ileile, bila shahada ya udaktari. Linganisha na utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto 657,461 na kukuta kwamba waliochanjwa hawakupata usonji zaidi ya wasiochanjwa.

Sasa soma mbinu ya Osborne na Mpemba. Walitumia mililita 70 za maji katika bika za mililita 100, zikiwa juu ya karatasi ya polistirini (povu jepesi linalozuia joto kupita) ndani ya friji ya kawaida, na wakapima muda hadi barafu ianze kujitokeza. Polistirini ina kazi yake: bila hiyo, chombo cha moto huyeyusha utando wa barafu ulio chini yake na kugusana vizuri zaidi na uso wa baridi, kikapoa haraka kwa sababu isiyohusu maji yenyewe. Mtafiti aliyewaza jambo dogo kama hilo anastahili kusomwa kwa makini.

Umefanikiwa ikiwa umeandika jambo moja ambalo mbinu imelidhibiti na jambo moja ambalo haikulidhibiti.

## Hatua ya 5: Fuatilia yaliyotokea baada ya kuchapishwa

Hapa ndipo karibu kila msomaji anaporuka, na ndipo majibu mengi yalipo. Ingiza DOI au jina la makala katika kanzidata ya Retraction Watch, kisha PubPeer, kisha ubofye orodha ya makala zilizoinukuu katika Google Scholar. Rudi pia kwenye ukurasa wa jarida lenyewe uangalie kama kuna sahihisho, barua za wasomaji au tangazo la kubatilishwa.

Tarehe 22 Mei 2020 The Lancet ilichapisha utafiti uliodai kutumia kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 96,000 wa UVIKO-19 na kuonya kwamba hydroxychloroquine, dawa ya malaria, inaongeza vifo. Wahakiki walikuwa wameupitisha. Wasomaji ndio waliogundua kwamba idadi ya vifo vya Australia haikulingana na takwimu rasmi za nchi hiyo, na kwamba kumbukumbu za kielektroniki zilizodaiwa kutoka hospitali za Afrika zilikuwa za kina kupita kiasi cha kuaminika. Kampuni iliyodai kumiliki data, Surgisphere, haikuzitoa zikaguliwe, na makala ikabatilishwa tarehe 4 Juni.

Hizo ni wiki mbili tu. Makala ya Wakefield ilibatilishwa mwaka 2010, miaka 12 baada ya kutolewa. Kwa hiyo kutokuwepo kwa tangazo la kubatilishwa hakuisafishi makala.

Majarida kadhaa, miongoni mwao BMJ na eLife, huchapisha ripoti za wahakiki pamoja na majibu ya waandishi. Zikipatikana, zisome zote. Hakuna somo bora zaidi la kufikiri kisayansi kuliko kumwona mtaalamu akimbana mwenzake kwa adabu, aya kwa aya, na mwenzake akilazimika kupunguza makali ya hitimisho lake.

Tahadhari: makala kunukuliwa mara nyingi si sifa kila mara. Fungua chache kati ya zilizoinukuu uone kama zinaiunga mkono au zinaipinga.

Umefanikiwa ikiwa unajua hali ya makala leo, si siku ilipotoka tu.

## Hatua ya 6: Tafuta waliorudia jaribio, na ukiweza rudia mwenyewe

Kuhusu athari ya Mpemba, utakuta kwanza makala ya G. S. Kell ya mwaka huohuo wa 1969, iliyofikia jambo hilo bila kujua kazi ya Mpemba na kulieleza kwa uvukizi: maji ya moto hupoteza sehemu yake kwa mvuke, hivyo yanayobaki kugandishwa ni machache. Utakuta pia makala ya Henry Burridge na Paul Linden ya mwaka 2016 katika Scientific Reports. Wao walipima muda wa maji kufika nyuzi 0 na hawakuona athari hiyo. Zaidi ya hapo, walionyesha kwamba kipimajoto kikisogea kwa takriban sentimita moja tu, athari bandia inaweza kujitokeza. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walitoa katika Nature ushahidi wa upoaji wa aina hiyo, ila katika chembe ndogo iliyodhibitiwa kwa leza, si katika maji yanayoganda.

Rejea sentensi yako ya hatua ya 1. Osborne alipima barafu kuanza, Burridge na Linden walipima kufika nyuzi 0, Kumar na Bechhoefer hawakupima barafu kabisa. Watu watatu wanaweza kubishana hadi kesho, kila mmoja akiwa sahihi kuhusu alichokipima.

Ukitaka kuelewa kwa nini kurudia ni kugumu, fanya jaribio nyumbani kwa mpangilio huu:

1. Tumia maji ya chanzo kimoja. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam yana chumvi, na chumvi hushusha kiwango cha kuganda. Chemsha maji yote mawili, kisha yaache ya upande mmoja yapoe, kwa sababu kuchemsha hufukuza gesi zilizoyeyuka na hiyo ni tofauti nyingine usiyoitaka.

2. Anza na vyombo viwili vyenye maji ya joto sawa. Usiiruke hatua hii. Utaona kwamba hata hivyo mara nyingi havigandi kwa wakati mmoja, na pengo hilo ndilo kipimo cha ukosefu wa usahihi wa friza yako.

3. Sasa weka kimoja cha moto na kimoja cha baridi, vyote juu ya kipande cha polistirini. Pima uzito kabla na baada, ili ujue ni kiasi gani kilichovukizwa.

4. Rudia ukibadilishana nafasi, kwa sababu upande mmoja wa friza huwa na baridi zaidi. Umeme ukikatika katikati, futa jaribio hilo lote. Usilihesabu hata kama matokeo yake yamekupendeza.

Tahadhari: usitumie bilauri ya kioo, kwani maji ya moto na barafu inayotanuka vinaweza kuipasua. Madai ya dawa, chanjo au vyakula vya tiba kamwe usiyajaribu mwilini mwako wala kwa mtoto. Hapo ishia kwenye kusoma waliorudia kwa utaratibu unaosimamiwa.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema kama pengo kati ya moto na baridi ni kubwa kuliko pengo ulilolikuta kati ya vyombo viwili vya joto sawa. Likiwa dogo kuliko hilo, hujaona kitu bado.

## Hatua ya 7: Pima aina ya ubishi

Utasikia mara kwa mara kwamba fulani alikataliwa na wenzake kama Alfred Wegener. Ni kweli kwamba nadharia yake ya mabara kusogea, aliyoitoa mwaka 1912, ilipingwa kwa miongo kadhaa. Iliposhinda katika miaka ya 1960, ilishinda kwa sababu vipimo vya sumaku katika miamba ya sakafu ya bahari vilileta ushahidi ambao yeye hakuwa nao. Barry Marshall na Robin Warren nao walipingwa waliposema kuwa vidonda vya tumbo vinasababishwa na bakteria, lakini kila mwaka uliopita uliongeza ushahidi upande wao hadi Tuzo ya Nobel ya mwaka 2005.

Swali la kuuliza, basi, ni ushahidi umeelekea wapi tangu dai litolewe. Dai la Duesberg kuhusu VVU lilisogea upande wa kinyume: dawa za ARV ziliokoa watu kwa kukizuia kirusi kilekile alichosema hakina hatia. Afrika Kusini, ambako serikali ya Thabo Mbeki ilizipa nafasi hoja hizo na kuchelewesha dawa, watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba zaidi ya maisha 330,000 yalipotea. Hii ndiyo sababu sikubali kauli kwamba kila upande upewe uzito sawa.

Kukataliwa na mhakiki pia kunaweza kuwa msaada. Mwaka 1936 Albert Einstein na Nathan Rosen waliandika kwamba mawimbi ya uvutano hayapo. Mhakiki wa Physical Review aliona kasoro, Einstein akakasirika na kuiondoa makala, kisha akabadili hitimisho kabla ya kuichapisha kwingine. Mawimbi hayo yalinaswa na vifaa mwaka 2015.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kutaja ushahidi mmoja mpya ulioongezeka, na upande uliouegemea.

## Hatua ya 8: Andika hukumu yenye kiwango cha uhakika na tarehe

Usiandike "kweli" au "uongo" pekee. Andika kwa kila maana ya dai, kiwango chako cha uhakika, na kitu ambacho kingekubadilisha mawazo. Kwa mfano wetu, hukumu inaweza kusomeka hivi:

*"Kwamba maji ya moto hufika nyuzi 0 kabla ya maji ya baridi yenye ujazo sawa: majaribio makini ya 2016 yanapinga, uhakika ni mkubwa. Kwamba barafu inaweza kuanza mapema katika chombo kilichoanza na moto: imeripotiwa na zaidi ya mtafiti mmoja, lakini hutegemea uvukizi, gesi, chombo na friza, uhakika ni mdogo. Nitabadili mawazo nikiona jaribio lililodhibiti mambo hayo yote na kurudiwa na maabara nyingine kwa matokeo yaleyale."*

Ukiituma hukumu hiyo kwenye kundi la walimu au la familia, ambatanisha DOI za makala ulizozisoma, ili anayekupinga akupinge kwa kuzisoma. Kisha weka alama kwenye kalenda urudie hatua ya 5 baada ya mwaka mmoja, au mapema zaidi ikiwa dai linahusu dawa ambayo mtu wa nyumbani kwako anaitumia sasa.